Jedi yako imerefuka na imelala upande? Namna ya kuipogoa na kuizalisha bila kuiozesha

Kuna mmea mmoja utaukuta karibu kila nyumba yenye mtu anayependa maua, majani manene ya kijani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, shina nene utadhani mti mkubwa uliopunguzwa ukae kwenye chungu. Ndo jedi. Watu wanaipenda kwa sababu haifi haraka, na hapo hapo ndo shida inapoanzia, inakaa miaka mitano, kumi, hakuna anayeigusa, mwisho wa siku matawi yamerefuka kama mikono, majani yamebaki kwenye ncha tu, na chungu ukikisogeza kidogo kinataka kupinduka. Ukiuliza ufanyeje unapewa majibu kumi yanayogombana: kata, usikate, weka kwenye maji, maji usiguse kabisa, hamishia chungu kikubwa, paka asali kwenye jeraha. Mtu anachanganyikiwa, anaogopa, anaiacha hivo hivo mwaka mwingine.

Mimi naona karibu maswali yote hayo yanajibiwa na kitu kimoja tu. Jedi inabeba maji yake mwilini. Ukilielewa hilo vizuri utajua wapi ukate, kwa nini usubiri, na kwa nini maji ndo yanaua wengi kuliko kiu.

Kwanza tukubaliane maneno, manake mkanganyiko mwingi unatokana na watu kuita vitu vitatu kwa jina moja. Kupogoa ni kukata matawi ili mmea mama ukae umbo zuri na usiangukie upande. Kuzalisha ni kuchukua kile kipande ulichokata, au hata jani moja, ukapata mche mpya. Kuhamisha chungu ni kazi nyingine kabisa inayohusu mizizi, na si lazima uifanye siku moja na hizo mbili, tena ukiweza usifanye. Kipande cha tawi kinachopandwa tutakiita kipandikizi. Na kifundo ni ile alama inayozunguka shina kama pete, mahali jani lilipokuwa limeshika, kama unavyoona kwenye mwanzi. Hicho kifundo kishike sana, tutakirudia.

Halafu hakikisha kwanza mmea ulio nao ni jedi kweli. Jedi nayo huitwa "mti wa pesa", lakini jina hilo limepewa mimea mingi, Pachira aquatica yenye majani yaliyotawanyika kama vidole vya mkono anaitwa hivyo, Pilea peperomioides yenye majani ya duara kama sarafu naye anaitwa hivyo, na maelekezo yao ni tofauti. Jedi ninayoizungumzia hapa jina lake la kitaalamu ni Crassula ovata, kwao ni Afrika Kusini na Msumbiji, na hilo neno ovata linasemea umbo la jani, kama yai. Anayefanana nayo zaidi ni Portulacaria afra, yule ambaye tembo wanamla porini, majani yake ni madogo zaidi na vitawi vyake vyembamba vina rangi ya wekundu wa kahawia. Habari njema ni kwamba huyu wa mwisho hata ukimchanganya na jedi, namna ya kumkata na kumpanda ni ile ile. Ila kuna tofauti moja ya kujali: jedi ikiliwa na paka au mbwa inamtapisha na kumlegeza, kwa hiyo siku ya kukata usiache majani yakizagaa sakafuni.

Sasa hayo maji. Mimea mingi inafungua vitundu vidogo vya kwenye majani mchana, inavuta hewa ya ukaa, inatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na wakati huo huo maji yanatoroka kupitia vitundu hivyo hivyo. Ni kama mtu anayeacha mlango wazi jua likiwaka, hewa inaingia lakini ubaridi wote wa ndani unatoka. Jedi inafanya kinyume. Mchana inafunga, usiku kukipoa inafungua, inavuta ile hewa na kuihifadhi kwenye jani ikiwa katika hali ya asidi, kesho yake jua likichomoza inafunga mlango na kuitumia ile akiba. Wanasayansi walivyolielewa jambo hili walilipa jina la familia ya jedi yenyewe, Crassulaceae, ingawa mimea mingine kibao inafanya hivyo hivyo, nanasi akiwemo. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, akiwa India, aligundua majani ya ndugu mmoja wa familia hii yana ukali wa asidi asubuhi na mchana ukali unapotea. Alijua kwa kutafuna. (Wewe usitafune jedi.)

Kwa hiyo kila jani la jedi ni tanki. Shina nalo ni tanki. Ukikata tawi hujakata kitu kinachohema kwa kiu, umekata tanki lililojaa ambalo kwa sasa halina bomba. Ua la kawaida ukilikata linanyauka ndani ya saa chache, jedi unaweza kuikata ukaiacha mezani wiki mbili ikiwa nzima. Watu hawaamini mpaka waone.

Tuanze na mmea mama. Kwa nini umerefuka vile? Mara nyingi ni mwanga mdogo. Mmea unaoutafuta mwanga unanyoosha shina, nafasi kati ya kifundo na kifundo inakuwa ndefu, shina linakuwa jembamba, na majani nayo ni mazito kwa sababu yamejaa maji, basi linapinda. Mwingine umerefuka tu kwa umri na haujawahi kukatwa. Ukikata bila kuusogeza kwenye mwanga, utakuwa umepunguza urefu lakini machipukizi mapya yatarefuka vile vile, tena membamba zaidi.

Ncha ya tawi ina tabia ya ubosi. Inatengeneza homoni inayoitwa oksini, inashuka chini ya shina na kuyaambia macho mengine yote, yaani machipukizi yaliyolala kwenye vifundo: tulieni, mimi ndo nakua. Ndo maana tawi lisilokatwa linaenda mbele tu kama fimbo. Ukiiondoa ncha, ile amri inakatika, na macho ya kwenye kifundo kilichobaki juu yanaamka, kwa kawaida mawili. Tawi moja linakuwa mawili, ukija kukata tena mawili yanakuwa manne. Huo mti mnene wenye kichwa cha duara unaoona kwenye picha haukuzaliwa hivyo, kuna mtu amekuwa akiukata kwa miaka.

Na hapa kuna kitu naomba ukitazame kwa karibu, chukua tawi uliweke machoni. Majani ya jedi yanakaa mawili mawili yakitazamana. Jozi moja inaelekea kushoto na kulia, jozi inayofuata juu yake inaelekea mbele na nyuma, inayofuata kushoto na kulia tena, inazunguka hivyo mpaka nchani. Hata sehemu ya shina iliyobaki uchi utaona makovu mawili kwenye kila pete, yakifuata mpango huo huo. Chipukizi linatokea pale pale penye kovu. Maana yake unaweza kuchagua matawi mapya yaelekee wapi! Mmea ukiwa umebanwa na ukuta kwa nyuma, usikate juu ya pete yenye makovu ya mbele na nyuma, shuka au panda pete moja, kata juu ya ile inayotazama pembeni. Watu wengi wanakata popote halafu wanashangaa tawi jipya limeingia katikati ya mmea.

Kata juu kidogo ya pete, acha kama sentimita moja. Usikate kwenye pete yenyewe maana utajeruhi macho. Hicho kisiki kitakauka, kitakunjamana mpaka kwenye pete na kitaanguka chenyewe baada ya wiki kadhaa, usikivute. Tumia kisu au mkasi mkali, uliopanguswa na spiriti, mkasi butu unaponda shina badala ya kukata na palipopondwa panaoza. Kama tawi ni nene kama dole gumba au zaidi na ni zee limekuwa na gome, bado linachipua kutoka kwenye pete za zamani, ila litachukua muda, usikate tamaa.

Kiasi gani? Mmea wenye afya, unaopata mwanga, unavumilia kukatwa sana, lakini kama ndo mara yako ya kwanza chukua theluthi moja tu, subiri uchipue, halafu rudi umalizie. Mmea dhaifu hata theluthi ni nyingi. Na uchague kipindi ambacho mmea unakua, kuna joto na mwanga wa kutosha, sio kipindi cha baridi na mawingu wakati umelala. Ukikata kipindi cha kulala hautakufa ila utakaa miezi bila kuonyesha dalili yoyote na wewe utaanza kuingiwa na wasiwasi, ukiwa na wasiwasi utaumwagilia, ukiumwagilia utaoza.

Hilo la kumwagilia baada ya kupogoa halisemwi vya kutosha. Majani ndo yanayotumia maji. Ukiondoa nusu ya majani, mizizi ni ile ile, udongo ni ule ule, lakini matumizi yamepungua nusu. Ukiendelea na ratiba yako ya zamani ya maji, udongo utabaki umelowa muda mrefu kuliko ulivyozoea. Kwa hiyo baada ya kukata punguza, subiri udongo ukauke mpaka chini kabisa. Mpaka chini, sio juu tu. Chomeka kijiti cha mbao mpaka kwenye kitako cha chungu, kiache dakika kadhaa, kitoe, kikitoka na unyevu au na udongo ulioganda acha kwanza.

Sasa vile vipande ulivyokata. Chagua vyenye urefu wa sentimita 7 mpaka 10, vyenye majani manne au zaidi nchani, ng'oa majani ya chini ili upate shina tupu la kuingiza kwenye udongo. Halafu usivipande.

Nasema tena kwa sababu hapa ndo wengi tunapopotelea: usivipande siku hiyo. Kipandikizi changu cha kwanza kabisa nilikikata asubuhi, mchana kikawa kwenye udongo, nikamwagilia vizuri kwa mapenzi yote, na kwa siku nane kilionekana fresh kabisa, majani yamejaa. Siku ya tisa nikakigusa kikaanguka. Chini kilikuwa cheusi, laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na kina harufu. Kilikuwa kimeshaoza siku nyingi, majani yalikuwa yanakula akiba ya tanki tu, ndo maana sikujua.

Jeraha la jedi ni kama jeraha la goti. Likiwa bichi, chochote kilichoko kwenye udongo wenye unyevu kinaingia, fangasi, bakteria, vyote. Likishapata kigaga mlango umefungwa. Ukitazama uso wa kipande ulichokata muda huo huo, ni wa kijani mbichi, unang'aa, ukigusa kidole kinalowa. Kesho yake mng'ao umefifia. Siku ya tatu au ya nne pamebadilika rangi, pameelekea kahawia iliyopauka, na katikati pamebonyea ndani kidogo kama kifuniko kilichovutwa, ukipitisha kidole unahisi pagumu na pakavu, hakuna kinachonata. Hapo ndo tayari. Kipande chembamba siku tatu nne zinatosha, kinene kama kidole au zaidi mpe wiki, hata mbili, hakuna hasara yoyote kwenye kuchelewa. Kiweke kivulini penye hewa, sio kwenye jua kali na sio ndani ya mfuko wa plastiki.

Asali, mdalasini, mkaa wa kusaga na hivyo vingine vyote, sio lazima. Kinachofunga jeraha la jedi ni hewa kavu na muda. Unga wa homoni ya kuotesha mizizi nao huu mmea hauuhitaji, unatoa mizizi wenyewe kirahisi tu.

Udongo uwe ule unaopitisha maji haraka. Udongo mtupu wa bustani unashikilia maji kama sponji, changanya na mchanga mkubwa au vikokoto vidogo, nusu kwa nusu inatosha kuanzia, na mchanga uwe wa chembe kubwa sio ule laini kama unga maana huo unaziba. Chungu kidogo chenye tundu chini, bila tundu usijaribu. Zamisha sentimita 3 hivi, kama kipande ni kizito kifunge kwenye kijiti kisiyumbe, kwa sababu mizizi michanga ni myembamba na ikiyumbishwa inakatika. Maji acha kwanza, kaa siku tano mpaka wiki, ndo umwagilie kidogo, halafu subiri udongo ukauke tena.

Wiki ya pili majani yatakunjamana kidogo. Usiogope, hiyo ndo kazi inaendelea, kipandikizi kinachukua maji kutoka kwenye majani yake na kuyatumia kutengeneza mizizi. Ni mtu anayekula chakula alichobeba safarini. Kati ya wiki mbili na nne, jedi ikiwa kwenye joto na mwanga mzuri usio wa jua kali la moja kwa moja, mizizi inakuwa imeshika, unakijua kwa kukivuta taratibu sana, kikikataa kutoka basi kimeshika. Usifukue kuangalia. Dalili nzuri kuliko zote ni hii, unamwagilia leo na baada ya siku mbili tatu yale majani yaliyokunjamana yamejaa tena, hapo ujue bomba limeunganishwa na tanki.

Kuotesha kwenye maji inawezekana? Inawezekana, watu wanafanya na mizizi inatoka mizuri tu, unaiona kwenye glasi. Ila mizizi iliyozoea maji ikiingia kwenye udongo inabidi ijipange upya, na muda wote huo uko karibu zaidi na kuoza. Mimi nashauri udongo moja kwa moja, kwa mmea huu maji hayakupunguzii kazi yoyote.

Jani nalo linazaa mmea, ni polepole lakini ni zuri kuliangalia kama una subira. Siri iko kwenye kung'oa. Usikate jani kwa mkasi, lishike karibu na shina ulitikise kushoto kulia mpaka liachie lenyewe likiwa zima na kile kitako chake cheupe, kwa sababu mche mpya unatokea kwenye kitako hicho, jani lililokatika katikati mara nyingi halikupi mche. Liache likauke siku chache, kisha lilaze tu juu ya udongo, usilizike. Baada ya wiki kadhaa vitatoka vinyuzi vya mizizi, mara nyingi vya pinki, halafu majani mawili madogo kama punje za mchele. Jani mama litaanza kusinyaa, liache, ndo linanyonyesha, litaanguka lenyewe likiisha. Ila ukitaka mti wa kuonekana ndani ya mwaka tumia kipandikizi cha tawi, jani litakupa miezi mingi ya kitu chenye ukubwa wa kucha. Na kama jedi yako ni ile yenye mistari ya njano au nyeupe tumia tawi tu, jani linaweza kukupa mche wa kijani mtupu.

Kuna imani kadhaa zinazoua mimea, ngoja nizigusie. Kwamba majani yakikunjamana maana yake ni kiu: si lazima, mizizi ikioza nayo majani yanakunjamana, kwa sababu bomba limekufa hata kama kuna bwawa la maji chini. Ndo mtu anaongeza maji na mmea unazidi kunyauka. Kile kijiti cha mbao ndo kitakuambia, udongo umelowa na majani yamekunjamana, tatizo ni mizizi. Ukiukuta hivyo bado unaokoka, kata shina kuanzia chini ukipanda juu mpaka uone uso safi wa kijani usio na duara la kahawia katikati, halafu hicho kilichobaki ni kipandikizi kama vingine, kausha, panda.

Kwamba chungu kikubwa kinaukuza haraka: chungu kikubwa ni udongo mwingi, udongo mwingi ni maji mengi ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza. Jedi inakaa vizuri kwenye chungu kinachoibana kidogo. Hata hivyo chungu kiwe kizito, cha udongo wa kuchoma kwa mfano, ili kisipinduke na lile kichwa.

Kwamba kingo za majani zikiwa nyekundu ni ugonjwa: mara nyingi ni jua tu. Ila mmea uliozoea ndani ukiutoa ghafla juani unaungua, unapata mabaka ya kahawia ambayo hayaondoki, usogeze taratibu kwa wiki mbili tatu. Vipamba vyeupe kwenye maungio ya majani, hivyo ndo shida, ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mmea, vipanguse na pamba yenye spiriti kabla hujakata chochote, la sivyo utavihamishia kwenye miche yako yote mipya.

Kwamba ukiipogoa haitatoa maua tena: maua ya jedi, yale madogo meupe yenye wekundu kwa mbali, yanatokea kwenye ncha za matawi, kwa kawaida mmea ukishakomaa na usiku ukiwa mrefu na wa baridi. Ukikata ncha karibu na msimu wake unapoteza maua ya mwaka huo tu. Ukisubiri yaishe ndo ukate, hupotezi kitu, na mwakani una ncha mara mbili.

Mbolea usiwape vipandikizi mpaka uone majani mapya yamekua angalau jozi mbili. Na ule mmea mama, baada ya kukata uzungushe robo kila wiki ili pande zote zipate mwanga. Wiki tatu hivi, wakati mwingine sita, chungulia zile pete ulizochagua, utaona vidoti viwili vya kijani vyenye wekundu kwa mbali, vidogo kama kichwa cha pini, kimoja kila upande wa shina.